Pwani Iliyokuwa Ijengwe Mayoni

Niliijua habari ya hoteli kabla ya mtu mwingine yeyote wa kwetu, kwa sababu ni mimi niliyeipiga taipu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Miaka hiyo ilikuwa ya sukari. Kutoka Mumias mpaka kwetu Mayoni watu walikuwa wameng'oa mihogo na wimbi, wakapanda miwa hadi karibu na kizingiti cha nyumba. Matrekta yalipita na matela yaliyofurika, na nyumba zilizokuwa za nyasi zikaezekwa mabati. Hata karatasi zilizofika mezani kwangu zilinukia sukari: maombi ya kufungua baa, maduka ya jumla, vituo vya petroli. Kwa hiyo asubuhi mkubwa wangu aliponiletea kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono na kuniambia anataka nakala tano kabla ya saa saba, sikuona jipya. Niliingiza karatasi na kaboni kwenye mashine nikaanza.

Kwenye ukurasa wa pili vidole vyangu vikasimama.

Mwombaji alikuwa tajiri mmoja wa upande wa Matungu, mwenye matrekta mengi kuliko mtu yeyote tuliyemjua. Nusu ya miwa ya kwetu ilifika kiwandani kwa matela yake. Alitaka kujenga hoteli ya kitalii. Maji ya kinamasi yangezuiwa kwa ukuta wa udongo yawe ziwa, mchanga ungesombwa kwa malori kutoka mto Nzoia na kumwagwa ukingoni, minazi ingeletwa ikiwa imeshakua, na wageni wangekaa hapo kuota jua na kupanda mashua. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda likizo Mombasa, akarudi na pwani nzima kichwani. Mahali penyewe alipaeleza hivi: kinamasi kilicho kati ya mto na barabara ya Mayoni, ardhi isiyotumiwa na yeyote.

Kinamasi hicho nilikijua kwa nyayo. Nilianza kuingia humo nikiwa na miaka sita, nikimfuata senje, ndivyo tunavyomwita dada ya baba, kukata mafunjo ya kusuka mikeka. Mikeka hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye masomo ya taipu. Nilijua wapi maji yanafika gotini na wapi yanafika kifuani, wale samaki wanaoitwa kamongo wanajichimbia matopeni wapi wakati wa kiangazi, na korongo wenye taji wanajenga viota upande gani. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha serikali, nikiandika kwa mikono yangu kwamba hapatumiwi na yeyote.

Mwisho wa karatasi palikuwa na tangazo: mwenye pingamizi alete kwa maandishi katika muda wa siku thelathini. Mkubwa wangu alikuwa mtu wa sheria na rula. Hakuiba wala hakuonea. Alilibandika tangazo palepale tangazo lilipobandikwa siku zote, kwenye ubao wa korido ya ndani, nyuma ya kioo. Sheria ikawa imetimizwa. Ila watu wa Mayoni hawakuwa na safari ya korido ile.

Sijui niseme nilifikiri nini, maana sidhani kama nilifikiri. Aliporudi ofisini mwake nilikaa tena kwenye mashine, nikaandika nakala ya sita ya lile tangazo, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Nilihofia mwenzangu wa meza ya pili angeniona.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza. Senje nilimkuta uani, amekaa chini, miguu ameinyoosha, mkeka nusu uko mapajani. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti iliyoweza kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Shule aliiacha darasa la pili. Nilimsomea tangazo neno kwa neno, nikimgeuzia kwa lugha yetu, na yeye hakuacha kusuka. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: huyo aliyeandika kwamba hapatumiwi, alikuja kutazama lini? Nikamwambia sijui. Akauweka mkeka kando.

"Vaa viatu vya shamba," akasema. "Kama hapakai mtu, twende tuwahesabu wanaokaa."

Tuliingia kwa njia ya wakata mafunjo. Nilikuwa nimekaa mjini miaka mitatu na miguu yangu ilikuwa imeshakuwa ya lami. Mara mbili niliteleza na senje hakugeuka. Tulipofika kwenye jiwe kubwa lililo katikati alinivuta nikachutama. Mbele yetu, mahali majani yalipokuwa mafupi, walikuwapo korongo kumi na wanne. Niliwahi kuwaona utotoni kama mtu anavyoona kuku wa jirani, bila kuwatazama. Siku hiyo niliwatazama. Dume mmoja aliinama mbele ya mwenzake, akafungua mabawa, akaruka juu miguu ikining'inia, akashuka na kuinama tena. Jike naye akaruka. Kisha wengine wakaambukizwa, wakawa wanarukaruka kundi zima, yale mataji ya dhahabu yakitikisika juani. Senje alininong'oneza kila jozi na mahali pake: hawa wa kwenye jiwe, hawa wa mkuyu ulioanguka, huyu dume anayechechemea na mke wake. Jozi saba. Alikuwa akiwajua kama anavyowajua wanakwaya wenzake.

Nilitoka humo nimelowa hadi kiunoni, na ndani yangu kulikuwa na kitu kama furaha ya mtu aliyeitwa kuimba peke yake mbele ya kanisa: hofu na hamu pamoja. Kabla hatujafika nyumbani tulikuwa tumekubaliana kwamba tutaandika.

Sitasema watu wote walikuwa upande wetu. Wengi walipoisikia habari ya hoteli walifurahi, na hawakuwa wajinga. Hoteli ilikuwa kazi kwa watoto waliomaliza shule, ilikuwa umeme, labda hata lami. Baba yangu mwenyewe alifurahi. Jioni hiyo tulipokuwa tukila obusuma, yaani ugali, na mboga alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka tonge chini taratibu. Baba aliniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama," akasema, "wewe unajua hao ndege wanafukuanga mahindi yangu kila nikipanda. Hilo naachilia. Lakini huyo mtu ndiye anabebanga miwa yangu. Akikataa kuleta trekta, miwa itakauka shambani, na mimi nitamwambia nani?"

Nilijua ni kweli. Miwa isiyobebwa kwa wakati wake ni kuni. Senje, ambaye alikuwa amekuja kula nasi, alimwambia kaka yake kwamba hakuna aliyemwomba atie sahihi. Baba akasema vizuri, kwa sababu hatatia. Wakaendelea kula, na hawakugombana. Lakini nilimwona baba akinitazama mara kwa mara, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimpeleka mtoto wake shule gani.

Barua niliiandika usiku uleule kwa mkono, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilieleza ni nani wanaokata mafunjo pale, ni ng'ombe wa nani wanaokunywa pale wakati wa kiangazi, na ni jozi ngapi za korongo zinazojenga viota. Niliandika kwamba hatupingi hoteli, tunapinga mahali. Kesho yake baada ya ibada senje alisimama kwenye ngazi za kanisa na hiyo sauti yake, na kazi ikaanza.

Wiki mbili zilizofuata sikumbuki kama nililala vizuri, na sikuchoka. Jumamosi na Jumapili nilitembea na wanawake wasuka mikeka nyumba kwa nyumba. Wengine walitufungia mlango. Mzee mmoja alitia sahihi, akaifuta, akatia tena. Wasiojua kuandika walitia kidole gumba. Wino wangu wa kalamu uliisha siku ya pili, tukiwa mbali na duka. Mwanamke mmoja akaingia jikoni mwake, akatoka na sufuria, akakwangua masizi chini yake, akayachanganya na tone la mafuta ya kupikia. Kuanzia hapo tulitumia masizi, na watu wakacheka, na kucheka huko kulituletea hata waliokuwa wamesita. Tulirudi kila jioni vidole vyeusi. Nilikuwa sijawahi kufanya jambo ambalo watu walinisubiri nilifanye.

Jumatatu ya wiki ya tatu niliipeleka barua ofisini. Niliiingiza kwa mlango wa mbele kama mtu mwingine yeyote, halafu, kwa kuwa mpokeaji wa barua nilikuwa mimi, nikakaa, nikaipokea, nikaigonga muhuri. Nikaiweka kwenye trei ya mkubwa wangu na kuanza kupiga taipu kitu ambacho hadi leo sikijui.

Aliniita baada ya chai.

"Hii imeandikwa na nani?"

"Na watu wa Mayoni, mzee."

"Sikuuliza ni ya nani. Mwandiko huu naujua."

"Ni mimi niliyeandika."

Alivua miwani. "Wewe ni wa ofisi ama wa kinamasi?"

"Kazi yangu ni ya ofisi, mzee. Kwetu ni kinamasini."

Alivuta barua karibu. Akageuza kurasa za vidole, akauliza ule weusi ni nini, nikamwambia ni masizi, wino ulituishia. Aliuliza tangazo lilifikaje Mayoni. Nikamweleza habari ya nakala ya sita. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitafukuzwa, na nilishangaa kuona sijali sana. Kumbe hakunifukuza. Alitoboa barua, akaitia kwenye faili, akanieleza kwa sauti yake ya kila siku kwamba pingamizi likishagongwa muhuri halitoki kwenye faili, hata angetaka litoke. Kwamba sasa itabidi yeye na afisa wa wanyamapori waende wakaone mahali penyewe. Na kwamba mimi napewa barua ya onyo kwa kutumia karatasi ya ofisi bila ruhusa. Kisha akanipa niipige taipu. Nilijiandikia onyo langu mwenyewe, nakala tatu, bila kosa hata moja.

Siku ya kuja kwao ilipangwa Ijumaa. Niliomba ruhusa kuanzia Jumatano ili tujiandae. Mvua ilikuwa imekatika kwa muda na mafunjo ya ukingoni yalikuwa yamekauka rangi ya mkate. Jumatano hiyo asubuhi trekta moja la yule tajiri lilifika likaanza kuchimba mtaro upande wa barabara. Vijana wake walisema wanawatengenezea wageni njia. Senje alikwenda kuwauliza njia gani inachimbwa kwenda chini, wakamjibu kwa heshima kwamba wao wametumwa tu.

Saa nane mchana nilikuwa uani nikigeuza mafunjo yakauke nilipoona moshi. Sikuelewa mara moja, kwa sababu miaka hiyo moshi ulikuwa kitu cha kawaida. Watu walichoma mashamba kila wiki kabla ya kukata miwa. Senje ndiye aliyeelewa. Alitupa kila kitu akakimbia, na mwanamke wa miaka hamsini na kitu akaniacha nyuma.

Moto ulikuwa umeshika mafunjo makavu ya ukingoni na ulikuwa unalia. Hadi leo sijui nani aliuwasha. Vijana wa trekta waliapa kwamba ni cheche za bomba la moshi, na kwa kuwa nao walikuwa wanaupiga moto kwa mashati yao, niliwaamini wakati huo na bado nawaamini kidogo. Kilichotutisha ni upepo. Ulikuwa unatoka mtoni ukielekea barabarani, na ng'ambo ya barabara yalianza mashamba ya miwa, moja limeshikana na jingine, mpaka kwa baba.

Hapo ndipo watu walipokuja. Waliotia kidole na waliokataa, wote. Walikuja na magunia yaliyoloweshwa, na matawi ya migomba, na ndoo. Baba alikuja mbio na panga mkononi, akaanza kuwapanga wakata miwa wafyeke nafasi pana kando ya barabara moto usivuke. Mimi nilikuwa nikipiga kwa tawi la mgomba na kukohoa. Juu yetu korongo walizunguka wakilia ile sauti yao ya kama tarumbeta iliyoziba. Nilisikia joto usoni, nikasikia mtu akiimba, na mwili wangu wote ulikuwa macho kama haujawahi kuwa.

Upande wa barabara moto ukafa. Lakini ulimi mmoja ulikuwa umerudi ndani, ukifuata mafunjo makavu kuelekea kwenye jiwe. Senje akaniita, tukaingia majini, na nilipogeuka nikamwona baba nyuma yetu, suruali imelowa, bado ameshika panga.

Tulimwona ndege wote watatu kwa pamoja. Alikuwa amesimama juu ya kiota, lile jukwaa la majani lililo katikati ya maji, na alikuwa amefungua mabawa yote mawili. Moto ulikuwa hatua kumi kutoka kwake. Wenzake walikuwa angani. Yeye aliuelekea moto, shingo ameinyoosha, na hakuruka.

Baba alisimama. Halafu akapita katikati, kati ya ndege na moto, akaanza kufyeka mafunjo na kuyasukuma majini. Tukamfuata. Tulifyeka na kupiga na kurusha maji kwa mikono mpaka kukabaki mvuke tu na harufu ya matope yaliyoungua. Shati la baba lilikuwa na matundu mgongoni. Yule ndege alifunga mabawa, akazunguka mara moja, akakaa juu ya mayai yake.

Tulitoka polepole. Tulipofika barabarani baba aliketi juu ya nyasi, akakohoa, akatazama mikono yake.

"Hakutoroka," akasema.

Akaokota panga lake, tukaenda nyumbani.

Ijumaa walikuja. Tajiri alikuja wa kwanza, amevaa suti, na gari nyuma limebeba viti na kreti za soda. Lazima niseme alizungumza vizuri. Hakuwa mtu mbaya wa hadithi. Alikuwa mtu aliyeanza na mkokoteni wa ng'ombe akaufanya kuwa matrekta, na aliamini kwamba kila kitu kinaweza kufanywa kikubwa zaidi. Alieleza ziwa, mashua, vyumba, kazi za wapishi na wahudumu, na watu wakapiga makofi. Kama angekuwa anazungumzia mahali pengine ningepiga pia. Mkubwa wangu alikaa na faili magotini akiandika. Afisa wa wanyamapori, mtu mfupi mwenye darubini shingoni na viatu vya mpira, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza ni nani anayekijua kinamasi hiki. Watu wote wakamgeukia senje.

Lakini kabla senje hajasimama, baba alisimama. Nilikuwa sijui kwamba atasema. Alishika kofia kwa mikono miwili.

"Mimi nilitaka hoteli," akasema. "Bado naitaka. Lakini hapa pana wenyewe, na juzi nimewaona kwa macho yangu. Aijenge kule juu kwenye mwinuko."

Tajiri akamkumbusha kwa upole kwamba wao wawili wametoka mbali, kwamba miwa ya baba imekuwa kwenye matela yake tangu kiwanda kifunguliwe. Kila mtu alielewa maana yake. Baba naye alielewa. Akajibu kwamba ni kweli, na kwamba anashukuru, na kwamba bado anasema kule juu. Akaketi. Mimi nilijiona kama nimekua mrefu ghafla.

Senje akawaongoza ndani. Afisa alimfuata, kisha mimi, kisha mkubwa wangu, ambaye nilidhani angebaki kwenye kiti. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali juu ya magoti, akaingia majini akiwa ameinua faili juu ya kichwa. Tajiri alibaki ukingoni. Tulipita eneo lililoungua, tukafika kwenye jiwe. Ndege wawili waliondoka kiotani kwa hasira, hatua chache tu, wakawa wanatutazama.

Kulikuwa na mayai matatu, meupe yenye ubuluu kidogo. Moja lilikuwa na ufa, na kwenye ufa palikuwa na ncha ndogo ikigonga kutoka ndani. Ilikuwa inagonga, inapumzika, inagonga. Afisa alitazama bila kugusa, kisha akarudi nyuma na kutuashiria nasi turudi, ili wazazi wapate nafasi. Mkubwa wangu bado alikuwa ameinua faili. Maji yalikuwa mapajani mwake na tai yake ilikuwa imelowa ncha.

"Andika," akaniambia kwa sauti ya chini. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nikaandika nimesimama majini, daftari kifuani, kadiri afisa alivyohesabu: viota, mayai, ndege waliokuwa juu na waliokuwa chini. Aliomba pia niandike kwamba wanawake wanaokata mafunjo hukata upande wa chini tu wakati wa viota, jambo ambalo senje alilitaja kama jambo la kawaida, na ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifuata tangu utoto bila kuuliza kwa nini. Tulipotoka tajiri alimuuliza afisa kama ameridhika. Afisa akamjibu kwa swali: hii ardhi isiyotumiwa na yeyote aliipima lini? Tajiri akageukia kreti zake. Aliwagawia watu soda, nasi tukanywa, kwa sababu jua lilikuwa kali na soda ni soda.

Uamuzi ulichukua wiki nyingi. Katika wiki hizo miwa ya baba ilikomaa, na matrekta ya tajiri yakaanza kupita mbele ya lango letu bila kusimama. Hakuna aliyetangaza lolote, yalipita tu. Miwa ikatoa maua, ikaanza kukauka. Mwishowe baba alimpata mtu mwenye trekta moja bovu kutoka ng'ambo ya mto, akabeba kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya shamba ikapotea msimu huo. Mama yangu alilia. Mimi nilimwendea baba nikamwomba msamaha, akaniuliza msamaha wa nini, akaniambia kwamba maneno aliyoyasema yalikuwa yake, hakuyaazima kwangu. Msimu uliofuata tajiri alileta trekta tena. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa mfanyabiashara. Na hoteli aliijenga kweli miaka miwili baadaye, juu kwenye mwinuko kando ya barabara kuu, bila ziwa, na harusi nyingi za kwetu zilifanyika humo.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ambayo mkubwa wangu aliniletea karatasi moja, akaiweka karibu na mashine, akabaki amesimama. Kwa kawaida aliweka na kuondoka. Nikasoma. Ombi limekataliwa kwa mahali hapo. Mwombaji anaweza kuomba mahali pengine palipo pakavu. Kinamasi kibaki kilivyo. Nilianza kupiga taipu nikakosea. Nikachukua karatasi nyingine, nikakosea tena. Mara ya tatu nikafika mwisho. Nikamwomba, safari hii kwa kinywa changu, kama naweza kupata nakala ya kupeleka nyumbani. Alitia sahihi kwenye nakala, akaigonga muhuri mwenyewe, akanipa.

Ilikuwa Ijumaa. Nilifika Mayoni jua bado liko juu na kuwakuta wanawake wamekusanyika kwenye uwanja wa kanisa wakipanga mikeka ya soko la kesho. Nadhani uso wangu uliwaambia kabla sijafungua mkoba, kwa maana waliiacha mikeka wakasimama wote. Niliisoma barua mara ya kwanza kama ilivyo. Nikaisoma mara ya pili kwa lugha yetu. Mtu akaanza wimbo, wakaushika, wakanizunguka, mikeka ikakanyagwa na hakuna aliyejali. Senje peke yake hakuimba. Alikuwa ameshika ile karatasi kwa ncha za vidole, akiipitia mstari kwa mstari kama anayeweza kuisoma, na alipofika chini kwenye muhuri akanirudishia.

"Yule mama wa masizi, wa karibu na mto, hajafika," akasema. "Ngoja aje, usome tena. Na usome polepole."

Tukangoja. Alikuja mbio, mtoto mgongoni, nami nikaanza tena tangu juu.